Mbuzi wa Karatasi

Mlangoni mwa hema nilipewa karatasi ya mazishi, ile yenye picha ya marehemu na mpango wa ibada, nikaketishwa mbele kwenye viti vilivyovalishwa vitambaa. Huwa sishangai kuketishwa mbele. Nina duka la mbao na mabati mjini Embu, nina nyumba ya kupangisha ya ghorofa tatu, na hakuna mtu aliyenishika mkono nikayapata hayo. Nikavaa miwani, nikasoma maisha ya Kanana. Alizaliwa hapo hapo upande wa Mikinduri, akalelewa na nyanya yake, akaolewa, akajaliwa watoto, akawa mama wa kutegemewa katika kibanda cha kufungia miraa sokoni. Katikati kulikuwa na mstari mmoja mfupi: marehemu hakujaliwa kupata elimu. Niliusoma, nikaurudia. Hakujaliwa. Kana kwamba Mungu alikuwa akigawa elimu, ikamwishia kabla zamu ya Kanana haijafika. Binti yake akaja akainama kando ya kiti changu, akaniambia, Mzee, tafadhali utasema maneno mawili, mama alikuwa akikutaja kwa heshima. Nikasimama, nikasema marehemu alikuwa mtu wa bidii, na kwamba hesabu yake ya kichwani hakuna karani angeiweza. Watu wakaitikia, wengine wakacheka kwa kumkumbuka. Nikaketi. Nilikuwa nimesema nusu ya maneno mbele ya jeneza, na mtu aliyepaswa kusikia nusu ya pili alikuwa ndani ya hilo jeneza. Sasa naiandika, ingawa mkono wangu haukuzoea kalamu, na atakayesoma na asome.

Habari za wazazi wangu na ukoo wangu siandiki hapa. Wao hawana kosa katika jambo hili. Naanza na mwaka wenyewe, ule niliokutana na Kanana. Nilikuwa kijana wa miaka kama ishirini, jikoni kwa wamisheni karibu na Manyatta, mwenye kumenya viazi na kupiga pasi. Shule niliishia darasa la nne. Lakini Kiingereza nilikuwa nacho, maana nilikipata nikiwa nimesimama nyuma ya viti vya wazungu na sinia mkononi, na mtu akisimama nyuma ya kiti miaka mitatu atasikia mengi kuliko mwanafunzi aliyeketi. Kimeru nilizaliwa nacho Tigania, Kiembu nikakipata hapo Manyatta. Ndiyo sababu alipokuja mama mmoja wa kizungu tuliyemwita Miss Doroti, aliyetaka kujua watoto wadogo hujifunza vipi kuhesabu kabla hawajafika shuleni, na kama wetu na wa kwao hufika mahali pamoja wakiwa na umri mmoja, nilitolewa jikoni. Nikapewa shati jeupe, ubao wa kubania karatasi, na penseli ya kuweka sikioni. Wenzangu wa jikoni wakaanza kuniita Karani. Walinitania, lakini mimi nililichukua jina hilo kama cheo.

Pale Manyatta kazi ilikwenda vizuri. Miss Doroti alikuwa na sanduku la kadi lililochelewa njiani, kwa hiyo alitumia mahindi. Mtoto anaketi mkekani, anamwagiwa punje, anaambiwa ahesabu. Watoto wa Manyatta walihesabu mahindi yale kama watu wanaopura. Walipita kumi, wengine wakapita ishirini, na mmoja alipofika mwisho akauliza kama anaweza kwenda nayo nyumbani kwa kuku. Miss Doroti alifurahi. Aliniambia hawa hawako nyuma ya watoto wa kwao hata kidogo, na kwamba katika kugawa vitu sawasawa walikuwa mbele, kwa sababu mtoto wa kwetu huanza kuwagawia wadogo zake viazi kabla meno ya mbele hayajang'oka. Nilivimba kichwa kana kwamba nimewazaa mimi. Ndipo sanduku likafika. Akalifungua mezani mbele yangu na mbele ya mgeni wake, mzungu mwingine aliyekuwa akipita kwenda Nanyuki. Kadi zilikuwa nzuri, za rangi. Akatueleza kwamba zile za mwanzo zilikuwa na matunda ya kwao na wanyama ambao watoto wetu hawawajui, naye akaona si haki, akamwomba mchoraji aondoe vyote hivyo achore mbuzi, ng'ombe, na watoto walioketi kwenye nyasi. Alikuwa amefikiri vizuri yule mama. Lakini mimi nilipowaona wale mbuzi, nilijua hapo pana shida.

Maana watu wa milima hii, Meru na Embu, kitu chenye pumzi hatukihesabu. Mahindi hesabu, mawe hesabu, mafungu ya miraa hesabu mpaka uchoke. Mtoto, ng'ombe, mbuzi, hapana. Ukimnyooshea kidole na kumpa namba, umemwonyesha kifo mahali pa kuanzia kupunguza. Ukimuuliza mama wa kizamani ana watoto wangapi atakutajia majina, au atakuambia wapo. Mchungaji wa kwetu hajui idadi, anajua nyuso. Atakuambia yule mwenye doa shingoni hayupo, kabla wewe mwenye namba hujafika nusu ya zizi. Nilikuwa najua hayo kama ninavyojua jina langu. Nilipaswa kusema pale pale mezani, Miss, mbuzi hawa watatuharibia kazi. Lakini yule mgeni wa Nanyuki alikuwa ametoka kusema kwamba wenyeji wana mambo ya giza ambayo hayaishi hata ukiwabatiza, na Miss Doroti akamjibu huku akinielekezea kijiko, kwamba mimi sikuwa mtu wa mambo hayo. Sikuwa mtu wa mambo hayo. Nani angefungua mdomo baada ya kusifiwa hivyo? Nikachukua vikombe nikaenda kuosha, ingawa haikuwa tena kazi yangu.

Mwishoni mwa mwaka tukahamia Mikinduri. Miss Doroti alikaa nyumba ya wageni ya kanisa, mimi nikatafutiwa chumba kwa ajuza mmoja aliyekuwa akimlea mjukuu wake. Mimi nilimwita Nyanya, kama kila mtu. Mjukuu ndiye Kanana, msichana wa miaka sita, mwembamba, mwenye kawaida ya kukuangalia mpaka ukajikagua vifungo. Chumba changu kilikuwa cha udongo, kimepakwa majivu, na ukuta wake mmoja ulipakana na jiko, kwa hiyo nilisikia yote yaliyosemwa jikoni. Nilimsikia Nyanya akimfundisha mtoto asubuhi na jioni: funika chungu, msalimu mgeni kwanza, usiwanyooshee wenzako kidole. Chakula kilikuwa kile kile, githeri ya mahindi na maharagwe, viazi vikuu, uji wa wimbi, na kila jioni Nyanya alinitengea mimi kwanza kwa kibuyu safi, nami nilikula nikijiona mtu mkubwa. Kanana ndiye aliyegawa. Palikuwa na watoto wa shangazi zake wakiingia na kutoka, leo hawa kesho wale, naye alitupa jicho mara moja mlangoni, akavunja kiazi, na vipande vikatosha bila mmoja kubaki wala mmoja kukosa. Hakutamka namba. Mchana aliwasaidia wanawake kufunga miraa, na hapo alitamka namba bila woga; mama mmoja akipotewa na hesabu ya mafungu, alimgeukia yeye.

Na tena alinishinda kiuthi. Hili ni dogo lakini naliandika, kwa sababu sijui lilikuwa na uzito gani katika yaliyofuata, na sipendi kujisafisha. Kiuthi ni bao letu la mashimo na mbegu, mchezo wa wachungaji. Siku moja ya mapumziko niliketi kivulini nyuma ya kibanda cha miraa nikiwachezesha vijana, nikiwashinda, nikitamba. Kanana alikuwa amesimama na mzigo wa majani ya migomba kichwani. Akasema taratibu kwamba ningeanza na shimo la tatu ningekula zaidi. Vijana wakasema, haya, keti basi wewe. Aliketi. Alikuwa akitazama shimo na kujua mbegu zilizomo bila kuzigusa, na kabla kivuli hakijasogea nilikuwa sina mbegu. Mzee mmoja aliyekuwa akitafuna miraa akasema, "Karani wa mzungu, shule ulikwenda kufanya nini huko, kufagia?" Wakacheka mpaka wanawake wakatoka kibandani kuuliza kuna nini. Mimi pia nilicheka. Ila jioni ile sikukimaliza chakula changu.

Siku ya Kanana kupimwa ilifika. Tulitumia stoo ya kanisa, chumba chenye harufu ya mafuta ya taa na magunia, meza moja, viti vitatu, sahani ya biskuti. Utaratibu wa Miss Doroti ulikuwa hivi: kadi kwanza, shanga baadaye, na mtoto akishindwa kadi tatu mfululizo anapewa biskuti na kuachiliwa, asichoshwe. Kadi zilianza na mbuzi. Asubuhi hiyo watoto kadhaa walikuwa wamenyamaza mbele ya mbuzi wale, wengine wakalia, na waliohesabu walikuwa wa sokoni au wa wale waliookoka kabisa, ambao wazazi wao walikuwa wameyatupa mambo ya kale. Kanana akaketi, miguu haifiki chini. Nikamwambia kwa Kimeru, hesabu mbuzi. Akaiangalia kadi, kisha akaniangalia mimi, si yule mzungu.

"Ni wa nani?" akauliza.

Nikamwambia ni wa karatasi tu, hawana mwenyewe. Akawaangalia tena, mmoja mmoja, kama anayewakagua jioni zizini. "Wapo wote," akasema.

Miss Doroti akaniuliza mtoto amesema nini. Hapo ndipo ulipo mwaka wenyewe, na maisha ya mtu mwingine, katika kile kitambo cha kuvuta pumzi. Nikasema kwa Kiingereza changu cha nyuma ya viti, "Anasema hajui." Akaweka alama. Kadi ya pili ng'ombe, Kanana akanyamaza. Kadi ya tatu watoto walioketi kwenye nyasi, na hapo mtoto akaweka kiganja juu ya kadi akawafunika, akaniambia kwa sauti ya chini, kama anayenikumbusha jambo nililolisahau, kwamba hao ni watu. Hilo sikulitafsiri kabisa. Akapewa biskuti. Aliivunja vipande viwili, kipande kimoja akakiweka mfukoni kwa ajili ya nyanya yake, akatushukuru, akatoka. Shanga hakuziona.

Miss Doroti hakuwa mjinga. Siku chache baadaye aliniita mezani kwake, si kumhudumia, kuketi. Alinimiminia chai mwenyewe, akanisogezea mkate. Alikuwa ametandaza karatasi zake na uso wake ulikuwa na wasiwasi. Akaniuliza inakuwaje watoto wa Manyatta wahesabu vizuri namna ile na wa huku wakwame mwanzoni, na milima ni hiyo hiyo, chakula ni hicho hicho. Akauliza kama kuna desturi yoyote ambayo yeye haijui. Aliniuliza mara mbili, kwa heshima, na akasema hapo hategemei mtu mwingine ila mimi. Nikatafuna mkate wangu nikameza. Nikamwambia hakuna kitu kama hicho, Miss, ni ushamba tu, watu wa huku bado hawajaamka. Akaandika. Nikayaona maneno yangu yakiingia katika kitabu chake kwa wino. Sijui kitabu kile kilikwenda wapi, wala waliokisoma huko kwao waliamini nini juu ya watoto wa Mikinduri. Jambo hilo likinijia nikiwa dukani, huwa natoka nje nijifanye natazama lori.

Ningeishia hapo ingekuwa aibu ya mtu mmoja. Lakini karo ya madarasa ya chini ilikuwa imeondolewa, watoto wakafurika, na mwalimu mkuu wa shule ya karibu alikuwa akitafuta kila sababu ya kurudisha wengine nyumbani. Alinikuta njiani, akanisalimu kwa jina la Karani mbele ya watu, akaniuliza kama si kweli tulikuwa na orodha ya wanaojua na wasiojua. Miss Doroti alikuwa amesema waziwazi karatasi zile si za shule na asipewe mtu. Lakini mwalimu mkuu alikuwa ameniomba mimi, mtu wa darasa la nne, na akaniita ofisini, na kiti akanipa. Nikamwandikia majina ya walioshindwa. La Kanana niliandika la tatu. Ningeweza kuliruka, hakuna aliyenishika mkono. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri.

Mwaka ukageuka, siku ya kufungua shule ikafika. Nyanya alikuwa ameuza mbuzi kwa ajili ya sare. Kanana aliivaa tangu kabla ya uji, akaketi wima asije akaikunja. Shuleni watoto walipangwa mstari, wakaambiwa wapitishe mkono juu ya kichwa washike sikio la upande wa pili, maana ndivyo umri ulivyopimwa. Kanana akalishika vizuri. Kisha mwalimu mkuu akatoa karatasi yangu, akasoma majina, akasema hao warudi mwakani, bado hawajakomaa akili. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya ofisi na ubao wangu. Jioni hiyo Nyanya aliniita jikoni. Hakuwa na hasira. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe ulikuwa mle ndani. Mtoto alikosea nini?"

Nikamjibu kwamba hakuweza kuhesabu. Nyanya akamgeukia Kanana, naye, bado na sare, akajibu polepole kwamba walikuwa mbuzi na watu, na kwamba alikuwa amekatazwa. Moto ulikuwa mdogo lakini niliuona uso wa ajuza yule ukibadilika. Kisha akasema, bila kumwambia mtu yeyote, "Basi ni mimi niliyemfungia mlango." Nilikuwa nimeketi kwa umbali wa mkono. Ningeweza kumwambia, hapana Nyanya, mtoto alijibu, na jibu lake lilikuwa jibu, mimi ndiye niliyeliua njiani. Nikaangalia chini.

Asubuhi alimchukua mtoto hadi shuleni, nami nikawafuata nyuma, kwani ilikuwa niende kuagana na mwalimu mkuu. Kazi ilikuwa imekwisha na Miss Doroti alikuwa akirudi Embu. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wamejipanga uwanjani. Nyanya hakwenda ofisini. Alikwenda moja kwa moja mbele ya ule mstari, akasimama nyuma ya Kanana, akaushika mkono wa kulia wa mtoto na kukikunjua kidole. Ajuza huyu alikuwa amezika watoto wake wawili, na mimi nilijua, maana nilisikia kupitia ukutani, kwamba mpaka siku hiyo aliamini kuna mtu aliwahesabu. Akamwambia, "Wahesabu." Kanana akamwangalia. Akamwambia tena, wahesabu, dhambi ni yangu. Mtoto akaanza. Moja, mbili, tatu, kidole kikipita juu ya kila kichwa, machozi yakishuka na sauti isishuke. Watoto wengine mstarini walikuwa wakiinamisha vichwa kidole kilipowafikia. Alipita kumi, alipita ishirini, alipita thelathini, akafika mwisho wa mstari bila kuruka hata mmoja, akasema idadi, na ilikuwa yenyewe.

Mwalimu mkuu alikuwa ametoka nje, na nilimwona amesitasita. Hakuwa mtu mbaya, nafasi moja angeipata. Akanigeukia. "Karani, wewe ndiye uliyempima. Unasemaje?"

Nyanya akanitazama, na Kanana akanitazama. Kama ningesema anajua, mwalimu angeuliza mbona niliandika hajui, na mbele ya uwanja ule wote ningerudi kuwa mmenya viazi. Nikasema, "Amekaririshwa jana jioni." Nikaongeza kwamba kasuku pia huhesabu.

Mwalimu mkuu akatikisa kichwa, akasema mwakani, Nyanya, mwakani. Mwakani Nyanya alianguka akapooza mguu, na wa kumwogesha na kumpikia akawa Kanana, na hapakuwa na mwakani nyingine. Hilo nililisikia baadaye nikiwa Embu, nikaendelea kupanga mbao.

Lakini siku ile ile nilirudi pale nyumbani kuchukua sanduku langu. Nilitumaini sitamkuta mtu. Nyanya alikuwa jikoni, na Kanana alikuwa amevua sare, ameikunja, ameiweka juu ya kinu. Nilisema narudi Embu. Nyanya akaniambia mtu haondoki nyumbani mwake na njaa, niketi. Kanana akaniletea maji ya kunawa, akaangalia chungu, akanitengea chakula, kikanitosha mimi sawasawa. Wakaketi wananiangalia kama mgeni anavyoangaliwa, kama atahitaji chumvi. Nami nikala. Nilikula mpaka kikaisha, nikapangusa mdomo, na wao ndio walionishukuru kwa kukaa nao.